Skattebo na nyota ambazo hakupewa

Tarehe 1 Januari 2025, jijini Atlanta, Arizona State walikuwa nyuma 24-8 mbele ya Texas katika robo ya mwisho ya Peach Bowl, mechi ya robo fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani katika futiboli ya Kimarekani. Cam Skattebo, aliyeonekana siku hiyo akitapika pembeni mwa uwanja, akarusha pasi ya yadi 42 iliyozaa tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani. Kurusha si kazi yake. Yeye ni raningibeki, yule anayekabidhiwa mpira aupenyeze kwenye ukuta wa mabeki. Akarudi kwenye kazi yake, akafunga mwenyewe, ikawa 24-24. Arizona State walilala 39-31 baada ya vipindi viwili vya nyongeza, lakini yeye alitoka na yadi 143 za kukimbia na 99 za kupokea.

Kijana huyu alipomaliza sekondari ya Rio Linda, karibu na Sacramento, mwaka 2020, chuo kilichomtaka kwa ufadhili kilikuwa kimoja tu: Sacramento State, cha daraja la chini ya vile vikubwa. Alikuwa tayari ameipa shule yake ubingwa wa jimbo, na msimu wa 2018 pekee alikimbia zaidi ya yadi 3,500. Makocha wa vyuo vikubwa walikuwa wanatazama wapi?

Tuwatendee haki makocha kwanza. Vijana zaidi ya milioni moja wanacheza mchezo huu katika sekondari za Marekani, na wakati ule chuo kikubwa kiliruhusiwa wachezaji 85 tu wa ufadhili. Hakuna benchi la ufundi linaloweza kuzunguka viwanja vyote. Rio Linda nao walichukua ubingwa katika mojawapo ya madaraja ya chini ya California, na kila kocha ameshaumizwa na takwimu za mchangani. Isitoshe, zile nyota ambazo kampuni za tathmini huwapa vijana, moja hadi tano, si ramli. Raningibeki Derrick Henry, Leonard Fournette na Bijan Robinson walipewa tano wakiwa sekondari, na wote watatu walitamba. Ukichukua wachezaji mia wa nyota tano na mia wa nyota mbili, mjinga tu ndiye atakayeweka fedha yake kwa wale wa pili.

Hapo nakubali. Ninapokwama ni jinsi nyota zenyewe zinavyopatikana. Kijana huhudhuria kambi, hupimwa urefu, uzito na kasi ya yadi 40. Chuo chenye jina kikimwita, nyota zake hupanda. Zikipanda, vyuo vingine navyo humwita. Maskauti huanza kutazamana wao kwa wao badala ya kutazama uwanja. Na raningibeki ndiye anayeonewa zaidi na kipimo cha mbio za kunyooka, kwa sababu mechi haimpi yadi 40 za wazi. Inampa hatua tatu, halafu bega la mtu wa kilo 110. Skattebo ana takriban kilo 100 na hana mbio za kutisha. Sifa yake ni kwamba beki wa kwanza akimgusa haanguki. Saa ya kocha haipimi hilo.

Wala si yeye peke yake. Msimu huohuo wa 2024 Ashton Jeanty, raningibeki mwenye nyota tatu, aliikimbilia Boise State yadi 2,601. Rekodi ya yadi za kukimbia kwa msimu mmoja, aliyoikosa kwa yadi 27, ni ya Barry Sanders ya mwaka 1988 (aliyeiweka kwa mechi 11 tu, tusisahau), na Sanders mwenyewe alikuwa kijana wa Wichita ambaye vyuo vingi vilimwona mfupi.

Je, mfumo utajirekebisha? Sioni sababu ya vigogo kuhangaika. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza bila kukaa nje mwaka mzima, kwa hiyo kosa la usajili limekuwa rahisi kwao: unamwacha kijana, chuo kidogo kinamlea, akiiva unamwita. Skattebo alikimbia yadi 1,372 msimu wa 2022, akatajwa mshambuliaji bora wa ligi ya Big Sky, akaondoka. Miaka miwili baadaye, akiwa na yadi 1,711, aliibebesha Arizona State, timu ambayo waandishi walikuwa wameitabiria nafasi ya mwisho, ubingwa wa Big 12, ligi yenye timu 16 licha ya jina lake.

Kwake yeye mlango huo ulikuwa neema. Kwa kijana wa sekondari wa leo asiye na nyota, nafasi ileile ya ufadhili sasa anaigombania na mtu wa miaka 22 mwenye misimu miwili ya video. Na Sacramento State, waliomwona kabla ya wote, walimtumia misimu miwili tu.