Leza ya chipu inaonewa tu

Ikitajwa leza ya semikondakta (ile ya chipu) kwenye mambo ya mapigo mafupi ya mwanga, jibu huwa lile lile: ah, hiyo haina nguvu, chukua titani-safaya (leza ya fuwele ya safaya iliyotiwa titani). Na kweli titani-safaya ni mashine. Peter Moulton aliionyesha 1982, mwanzoni mwa miaka ya 90 kina Wilson Sibbett kule St Andrews wakaona fuwele yenyewe inaweza kufunga modi bila kusaidiwa, yaani kuyafanya mawimbi ya mwanga ndani ya leza yaende pamoja hadi yatoke kama mapigo mafupi, na leo inashuka hadi femtosekunde 5 hivi (femtosekunde 1,000 ni pikosekunde 1, na pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde). Chipu ikitoa pigo la chini ya pikosekunde 1 bila pigo kufupishwa zaidi kwa vifaa vya nje watu wanapongezana. Hapo sibishi.

Ila hebu tuzisome namba vizuri. Titani-safaya ya kawaida ya maabara ina wati 1, mapigo milioni 80 kwa sekunde, so kila pigo lina nanojuli 12.5 (nanojuli 1 ni pikojuli 1,000). Chipu tuipe pikojuli 1 kwa pigo, mapigo bilioni 10 kwa sekunde, jumla miliwati 10. Ukipima pigo kwa pigo chipu imeachwa mara 12,500, ukipima nguvu ya wastani imeachwa mara 100 tu, na watu wote wananukuu ile namba ya kwanza! Hiyo mara 125 iliyobaki ni kasi ya mapigo, basi.

Sasa mtu atasema si upunguze kasi mapigo yawe machache ila mazito? Haiwezekani. Elektroni ukizipandisha nishati ndani ya semikondakta zinakaa juu kama nanosekunde 1 halafu zinashuka zenyewe, wakati titani-safaya inazishikilia mikrosekunde 3.2. Chipu ni ndoo iliyotoboka, uijaze muda mrefu vipi haifaidiki kitu, inabidi uchote haraka haraka. Na yenyewe iko tayari kuchotwa, maana chipu ya milimita 1 mwanga unaenda na kurudi ndani ya pikosekunde 23 hivi, yaani zaidi ya gigahezi 40, wakati titani-safaya kila mzunguko mwanga unatembea karibu mita 4, ndo maana unakuta meza nzito imejaa vioo, leza ya kijani ya wati kadhaa ya kuisukuma, na mtambo wa maji ya kupoza juu yake.

Kwenye chipu kipande ni kimoja kimegawanywa mara mbili, sehemu ndefu inapewa mkondo ikuze mwanga, ile fupi inapewa volti ya kinyume, inafyonza mwanga dhaifu na kuachia wenye nguvu. Unapandisha hiyo volti kidogo kidogo, pigo linazidi kufupika, ukizidisha leza inazima kabisa.

Wanaoiponda wana hoja lakini. Kwa hadubini ya fotoni mbili (inayohitaji fotoni mbili zifyonzwe kwa pamoja) kilele cha nguvu ya pigo ndicho kila kitu, titani-safaya kilowati 125 (kwa pigo la femtosekunde 100) dhidi ya wati 1 ya chipu (kwa pigo la pikosekunde 1), hapo chipu haina la kusema. Halafu elektroni zikipungua na kipeo cha mpindo (kinachoamua kasi ya mwanga ndani ya chipu) kinabadilika, pigo linatoka rangi zake zimepishana, na muda wa mapigo unayumbayumba mpaka uiongoze leza kwa mawimbi ya redio. Leza za diski za semikondakta zilizoanza kufungwa modi mwaka 2000 na watu wa Southampton na Zurich zimepunguza sana hilo pengo la nguvu, ila kama kazi yako ni kuchukua sampuli za mawimbi ya haraka au unataka kitana cha masafa (mwanga wenye rangi nyingi zilizopangwa kwa nafasi sawa kama meno ya kitana) chenye meno yaliyoachana kwa gigahezi, uzito wa pigo moja unakuhusu nini?

Mpinzani wa kweli naona ni leza ya faiba, ndogo na ina nguvu, hiyo ndo inakula soko la pande zote mbili. Ila hata hiyo faiba inasukumwa na diodi za semikondakta, na ile leza ya kijani inayosukuma titani-safaya, kwa kawaida, nayo hivyo hivyo.