Mzee akisema presha imepona, usiandike "hapana"

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Ontario, Canada, umeingia tena ujumbe wa mchango. Safari hii si msiba. Ni mzee wetu mmoja, mtu wa watu, aliyepanda meli ya utalii Fort Lauderdale, Florida, pamoja na mkewe kusherehekea ndoa yao. Wakiwa baharini kifua kikambana, meli ikamshusha bandari iliyokuwa karibu, ndege ya wagonjwa ikamrudisha Florida, akalazwa. Amepona, Mungu ni mwema. Lakini bima ya safari aliyokatiwa na watoto wake imekataa kulipa hata senti, na bili ya hospitali imezidi thamani ya nyumba aliyojenga Kibaha kwa jasho la miaka yote ya kazi.

Nimechanga, na nitachanga tena. Ila nina hasira, na hasira hii siielekezi kwa kampuni ya bima peke yake. Sababu waliyoitoa ni mbili. Kwanza, kwenye fomu swali la shinikizo la damu limejibiwa "hapana". Pili, wiki chache kabla ya safari daktari wake alikuwa amemwongezea dozi ya dawa ya presha ileile aliyosema hana. Watoto wake walijaza fomu kwa nia njema, mzee alijibu alivyoulizwa, na hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Ndiyo maana naandika, kwa sababu mazungumzo kama yale yanafanyika kwenye nyumba zetu kila mwaka.

Kabla sijafika kwenye fomu, niondoe imani moja inayotuponza: kwamba kadi ya OHIP, bima ya afya ya serikali ya Ontario, inamlinda mtu akiwa nje. Ukilazwa nje ya Canada kwa dharura, OHIP inalipa hadi dola 400 kwa siku kama unahitaji uangalizi mkubwa, kwa mfano chumba cha wagonjwa mahututi, na hadi dola 200 kwa siku kwa uangalizi wa kawaida. Ukitibiwa bila kulazwa, ni hadi dola 50 kwa siku. Hizo ni dola za Canada. Hospitali za Marekani zinahesabu maelfu kwa siku, tena kwa dola zao. Majimbo mengine nayo ni hivyohivyo: British Columbia inatoa dola 75 kwa siku ya kulazwa, Quebec dola 100. Mwanzoni mwa mwaka 2020 serikali ya Ontario ilikifuta hata hicho kidogo, na mahakama ndiyo iliyokirudisha mwaka huohuo. Na serikali ya Canada imeandika wazi kwenye maelekezo yake kwa wasafiri kwamba haitamlipia raia bili ya hospitali nje ya nchi. Ubalozi utakutafutia daktari na utawapigia ndugu zako simu, lakini hautatoa pesa.

Kwa hiyo bima ya safari ni lazima, na hilo wengi tunalijua. Tusilolijua ni kwamba kuinunua ni hatua ya kwanza tu. Ahadi ya bima imefungwa kwenye majibu ya ile fomu, na kampuni haifungui faili lako la hospitali siku unayolipa. Inalifungua siku unayodai. Wanaomba kumbukumbu zote kwa daktari wako, wanaziweka kando ya majibu yako, wanasoma mstari kwa mstari.

Nilipokaa mezani na mama yangu kujaza ya kwake, alikuwa na kile kiboksi cha vidonge chenye vyumba vya siku za wiki, na ndani yake naiona amlodipine, dawa ya presha, kwa macho yangu. Nikamsomea swali: "Mama, una presha?" Akanijibu bila kusita, "Sina, mwanangu. Ilikuwepo, siku hizi iko sawa." Hakuwa anaficha. Kwa mama yangu ugonjwa ni ule unaokulaza. Ukimeza dawa na mashine ikasoma vizuri, umepona. Kwa kampuni ya bima, kumeza dawa ndiyo ushahidi kwamba ugonjwa upo. Nikamuuliza sukari, akasema yake ni ya kawaida tu. Nikamuuliza kama kuna kipimo chochote anachokisubiri. Kimya. Kisha akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne: miadi ya kupimwa moyo, ameikalia tangu daktari alipompa. "Sikutaka kuwatia wasiwasi."

Ile karatasi ingetosha kuizika bima nzima. Fomu nyingi zinauliza kama umeelekezwa kwa daktari bingwa au unasubiri majibu ya vipimo, hata kama hakuna ugonjwa uliokwisha kutajwa. Angeugua moyo njiani, daktari aliyemwandikia miadi ile ndiye angekuwa shahidi wa kampuni. Tulisogeza safari mbele mpaka kipimo kikafanyika na majibu yakatoka. Mama alinuna, na namwelewa. Lakini wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na huku ugenini kabla ya kifo kuna bili.

Jambo la pili lililomponza yule mzee ndilo gumu zaidi, kwa sababu hata mtu mkweli linamnasa. Bima nyingi zinakubali kumlipia mwenye presha, kisukari au moyo, kwa sharti kwamba hali yake imetulia kwa muda fulani kabla ya kuondoka. Muda huo mara nyingi ni siku 90 au 180, na kwa wazee wa umri mkubwa unaweza kufika mwaka. Sasa, kutulia kwao si kujisikia vizuri. Wanataka kusiwe na dawa mpya, dozi iliyobadilishwa, dalili mpya wala kulazwa. Na sikilizeni hapa: kwenye bima nyingi hata dozi ikipunguzwa imehesabiwa kuwa imebadilika. Daktari anamwambia mama kwa furaha, "Umeendelea vizuri, tutoke miligramu 10 twende 5," mama anarudi nyumbani anashangilia, na hapo hapo siku za utulivu zinaanza kuhesabiwa upya. Hata akiwa amekwisha kununua bima. Mabadiliko yoyote kati ya siku ya kununua na siku ya kupanda ndege inabidi kampuni ipigiwe simu iambiwe, na jibu lao liombwe kwa maandishi.

Najua mtasema kampuni hizi zimeandika masharti yao ili zishinde. Kuna ukweli. Fomu inayomuuliza bibi wa miaka 74 mambo ya kitabibu kwa Kiingereza cha wanasheria, kisha inamhukumu kwa jibu moja, si haki, na ningependa kuona sheria inalazimisha maswali yaandikwe kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaielewa. Ukinyimwa madai usikubali barua ya kwanza: kata rufaa ndani ya kampuni yenyewe, na wakishikilia msimamo wao peleka lalamiko OLHI, chombo huru cha malalamiko ya bima za maisha na afya. Hawatozi kitu. Lakini rufaa ina nguvu pale fomu ilipojazwa kwa ukweli. Ikiwa imeandikwa "hapana" na famasia ina rekodi ya vidonge vya miaka sita, hakuna wa kukutetea.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kujaza, nendeni famasia mkaombe orodha iliyochapishwa ya dawa zote za mzee kwa mwaka mzima, na tarehe za kila badiliko la dozi. Nendeni naye kwa daktari wa familia, fomu mkononi, mumuulize swali kwa swali. Kuna madaktari wanaotoza kwa kazi hiyo. Lipeni. Kama hali haijatulia, ulizeni bima inayokubali hali hiyo kwa bei ya juu, maana zipo, au ahirisheni. Kadi ya mkopo inayojinadi kuwa na bima ya safari isomeni yote: nyingi hufupisha siku au kumwacha kabisa mtu akifika miaka 65, yaani umri uleule anaoihitaji. Na mgonjwa akifika hospitali, namba ya dharura ya bima ipigwe kabla ya matibabu makubwa kuanza, au mara tu inapowezekana. Usipopiga, wengine hupunguza malipo hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi, iwe kwenye mkoba wa mama na mfuko wa baba, wote wawili.

Kwa nini nasisitiza meli? Kwa sababu meli inaficha umbali. Mtu anakula, anacheza, kuna duka na kuna zahanati, anajiona yuko mjini. Zahanati ile ni ya binafsi, gharama zake zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti yako ya melini, na kazi yake ni kukutuliza mpaka upatikane pa kukushusha. Ukishushwa kwenye kisiwa kidogo chenye hospitali moja, kinachofuata ni ndege ya wagonjwa, na hiyo ni makumi ya maelfu ya dola. Hakikisheni bima inataja wazi usafirishaji wa mgonjwa, na inarudisha nauli ya anayemsindikiza. Mke aliyeachwa bandarini na masanduku mawili naye anahitaji kufika nyumbani.

Mengine nitayapitia haraka. Mwenye ukazi wa kudumu wa Canada na pasi ya Tanzania, Kongo au Burundi anahitaji viza ya Marekani hata kwa safari ya Alaska inayoanzia Vancouver, na kila bandari ya njiani ina masharti yake. Kadi ya ukazi iwe hai, maana bila hiyo ndege au meli ya kurudi inaweza kukukatalia. Ndugu wa Kenya wenye uraia wa nchi mbili, kurudi Canada kwa ndege kunataka pasi ya Canada iliyo hai, na sheria hiyo inafuatwa kikamilifu tangu Novemba 2016. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja apewe barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, hasa kwetu ambao jina la mwisho la mtoto na la mama mara nyingi halifanani. Msipange ndege ya kutoka Pearson, uwanja wa ndege wa Toronto, siku ileile ya meli wakati wa theluji. Meli haisubiri, na zile fidia za kuchelewa kwa ndege, dola 400 hadi 1,000 kwa mashirika makubwa, hazikurudishii safari ya meli iliyokwisha ondoka. Dawa zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya chupa zake zenye lebo. Simu iwekwe hali ya ndege meli ikiondoka, mtandao wa baharini unatoza vikali. Na mikono ioshwe kwa maji na sabuni, kwa sababu jeli ya spiriti haiwezi vizuri norovirusi, kirusi cha kuhara na kutapika kinachosumbua sana melini.

Mzee akienda nyumbani badala ya Karibiani, fomu ni ileile na ukweli ni uleule. Wanaokwenda Zanzibar kwa pasi ya Canada watatozwa bima ya lazima ya dola 44 za Marekani, ilianza Oktoba 2024. Hiyo ni sharti la kuingia, msiiache bima yenu kwa sababu yake. Wanaokaa miezi mingi kijijini wahesabu siku: kwa kawaida ukizidisha siku 212 nje ya Ontario ndani ya miezi 12, OHIP yenyewe inaingia hatarini. Na malaria, tafadhali. Tuliokulia Tanga na Kisumu tunasema mbu wanatujua. Kinga ile hupungua ukishakaa huku miaka, na watoto waliozaliwa Hamilton au Edmonton hawajawahi kuwa nayo. Dawa ya kinga imezwe kama alivyoandika daktari, pamoja na siku za baada ya kurudi, ambazo ndizo watu huziruka. Homa ikikupata hata miezi baada ya safari, nenda emajensi siku hiyohiyo, na kabla hujaulizwa kitu sema umetoka wapi. Daktari anayeona mafua siku nzima mwezi wa Januari anaweza asiwaze malaria kabisa usipoitaja wewe.