Kirefu chake nini, baba?

Jamani mi na hivi vifupisho vya vyama tumeshindwana. Jumapili jioni nimekaa zangu nasubiri taarifa ya habari, viatu nimeshavua, katoto kangu ka darasa la tano kanakuja na daftari, baba mwalimu kasema tuandike virefu vya vyama vya siasa. Nikajitia mjuaji, nikamwambia leta hapa, hivyo karibu vyote vimezaliwa naona. Hapo ndo nilipojichongea.

Tukaanza na CCM. Rahisi, Chama Cha Mapinduzi, ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977 pale TANU ya bara na ASP ya Zanzibar zilipoungana. Mke wangu huko jikoni akadakia "Chukua Chako Mapema!" na mtoto tayari kashaandika Chukua, ikabidi tutafute ufutio. Tukaupata chini ya kochi, kaandika upya, kasimama. Baba, C ya katikati ya nini? Ya "cha" mwanangu. Cha nini? Cha... cha tu, andika.

Sasa kufika CHADEMA, Chama cha Demokrasia na Maendeleo, akahesabu kwa vidole, akaniuliza baba hii CHA ni ya "chama" au ya "cha"? Nikanyamaza. Mana ni kweli bwana! Kule CCM "cha" kapewa kiti chake kabisa, herufi kubwa, kakaa katikati ya Chama na Mapinduzi kama mshenga, huku hata hueleweki yupo au hayupo, na "na" ndo kabisa hakualikwa. Nikakumbuka mwanzilishi wake mwaka 1992 ni Edwin Mtei, yule gavana wa kwanza wa Benki Kuu, nikasema basi ndo mana, watu wa benki hawatumii herufi hovyo. Kumbe mtoto anaandika na hiyo. Futa!

CUF ndo iliniaibisha. Nikajibu kwa kujiamini, Chama cha Wananchi. Akaniangalia. Baba, mbona sio CCW? Eti! Miaka yote naita Kafu, Kafu, sijawahi kujiuliza, kumbe herufi ni za Kizungu, Civic United Front, na jina la Kiswahili linatembea pembeni bila herufi hata moja. Afadhali hao. NCCR-Mageuzi na ACT-Wazalendo wao mbele Kizungu nyuma Kiswahili, kama mtu kavaa koti la suti na kikoi. Na CHAUMMA, Chama cha Ukombozi wa Umma, mi naona hapo Ukombozi na Umma wanagombania U moja, na sijui nani kashinda.

UKAWA haikuwemo kwenye homuweki ila mi mwenyewe kiherehere nikaitaja, ule Umoja wa Katiba ya Wananchi wa vyama vya upinzani, mwaka 2014 enzi za Bunge la Katiba, wakaingia nao uchaguzi wa 2015. Mtoto akadhani namsimulia hadithi. Ukawa nini baba? Ukawa. Ndiyo, ukawaje? Nikamwambia Ukawa ukawa, halafu ukawa haupo. Akacheka mpaka akamwaga chai kwenye daftari.

Halafu kuna hili ambalo saivi limeniharibia hata usingizi. Nikamwambia haya hitimisha, andika "chama cha CCM kina rangi ya kijani na njano". Akasema baba, C ya kwanza si chama tayari? Na ya pili si cha? Kwa hiyo hapo nimeandika chama cha Chama Cha Mapinduzi. Tangu siku hiyo kila nikisikia mtu anasema chama cha CCM, chama cha Chadema, virusi vya VVU, naumwa na jino. Mi nilikuwa naishi vizuri tu sisikii hayo. Na watu wanavyosema! Redioni, kwenye daladala, kila mahali, chama kinaingia mara mbili na hakuna anayeshtuka.

Tena usimwambie mtoto wa namna hiyo kwamba wengine wanaiita Sisiemu. Ataanza sisi akina nani. Na akisikia wale wa upande wa pili wanavyojibu "Nyinyiemu" utaeleza mpaka asubuhi, mana utani wenyewe unataka ujue viwakilishi, na viwakilishi mi niliviacha shuleni kwa makubaliano ya pande zote.

Basi juzi mzee wetu balozi wa nyumba kumi kapita, mzee wa watu mstaarabu, kalamu sikioni, anahakiki orodha yake. Kakaribishwa kiti, kanywa maji, kaniuliza eti bwana mdogo, wewe kadi yako ya chama cha CCM bado unayo?

Kabla sijafungua mdomo kakatokea kwenye pazia. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu. Babu, umesema chama mara mbili.

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. Akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akaitoa kalamu sikioni.

"Huyu," akasema, "nani anamfundisha homuweki?"

Nikamwonesha jikoni.