Kabla ya Kufunga Mizigo ya Misheni, Tuwaulize Akina Mama Tunaowaendea

Makanisa ya Nairobi, yaliyozoea kwa miongo mingi kupokea wamishenari, sasa yenyewe yanatuma watu. Katika matangazo ya Jumapili, waumini hualikwa kujiandikisha kwa safari ya kwenda kuwahudumia wanawake walio katika dhiki nje ya nchi, harambee huitishwa, fulana huchapishwa, na maombi ya mkesha hupangwa. Ninashiriki katika kuandaa safari ya namna hiyo, ya kwenda makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi katika wilaya ya Yumbe, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na msimamo ninaoutetea kila kamati yetu ya misheni inapoketi ndio ninaoutetea hapa: maandalizi yaanze kwa kuwauliza wanawake wenyewe wanahitaji nini, na jibu lao liruhusiwe kubadilisha ratiba, bajeti, na hata orodha ya watakaosafiri.

Bidi Bidi ilifunguliwa Agosti 2016, baada ya mapigano yaliyozuka Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, mwezi Julai kuenea hadi maeneo ya Ikweta, kusini mwa nchi hiyo, na katika muda wa miezi michache ilikuwa imepokea zaidi ya watu 200,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Uganda huwapa wakimbizi kipande cha ardhi na kuwaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, jambo ambalo nchi nyingi hazijalithubutu. Hata hivyo ardhi hiyo ni ndogo, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limepunguza mgao mara kadhaa kwa uhaba wa fedha. Mama asiye na mume karibu ndiye anayetafuta kuni mbali na nyumba, na njia hiyo ya kuni ni mojawapo ya mahali ambapo wanawake wakimbizi hushambuliwa.

Hata hivyo, itakuwa ni kuwadharau tukidhani kwamba wameketi wakitungojea. Wana vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mwanamke yeyote wa Nairobi aliye katika chama atavielewa mara moja: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zake zikiwa mikononi mwa wanachama watatu tofauti, ili sanduku lisifunguliwe isipokuwa mbele ya wote. Wanatarizi milaya, yale mashuka ya Sudan Kusini yenye maua na ndege walioshonwa kwa nyuzi za rangi kali, kazi ya mkono inayoweza kumchukua mtu wiki nyingi. Wana makanisa yao, na Waanglikana miongoni mwao wana Chama cha Akina Mama kama tulicho nacho huku. Wamisheni wakifika bila kujua haya yote, hujikuta wakiwafundisha wenyeji mambo ambayo wenyeji wangeweza kuwafundisha wao.

Katika kamati yetu kulitolewa pendekezo la kukusanya magunia ya nguo kuukuu. Lilitolewa kwa moyo mwema. Tulipowasiliana na viongozi wa akina mama wa kule kupitia kanisa lao, walituomba kwa upole tusizilete, kwa kuwa baadhi yao hujipatia riziki kwa kuuza mitumba, na nguo za bure zingewaharibia soko mwezi mzima. Walichotaka ni nyuzi za kutarizia, wanunuzi wa milaya huku Nairobi, na mtu wa kuwasaidia kuweka hesabu za vikundi. Jibu hilo lilibadilisha timu yetu: mahali pa baadhi ya wahubiri, tunamtafuta mhasibu na mfanyabiashara wa nguo. Nasikia wapo wanaonung'unika kwamba hiyo si misheni. Naomba wasome upya sura ya nne ya Injili ya Yohana, ambapo Yesu, akiwa amechoka na safari, anaanza mazungumzo na mwanamke Msamaria kwa kumwomba maji ya kunywa. Alianza kama mhitaji. Wale sabini katika Luka 10 nao walitumwa bila mfuko wala mkoba, wakaambiwa wale na kunywa vya wenyeji wao.

Jambo la pili ninalolishikilia ni mafunzo ya kusikiliza, nayo si mafunzo ya alasiri moja. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unamtaka mhudumu aangalie, asikilize, kisha amwunganishe mtu na msaada uliopo, na unakataza waziwazi kumshurutisha mtu asimulie yaliyompata. Sisi watu wa ushuhuda hilo hutuwia gumu, kwa sababu tumezoea ibada ambamo mtu husimama na kueleza alikotolewa. Mama mmoja wa Sudan Kusini anayeishi hapa Nairobi alikuja kuzungumza na timu katika ukumbi wa kanisa, akatusihi tusiwaulize wanawake wa Bidi Bidi yaliyowapata njiani walipokuwa wakikimbia, kwa sababu sisi tutarudi Nairobi na wao watabaki na usiku wa baada ya swali hilo. Ukumbi mzima ulinyamaza. Kisha akatufundisha salamu za Kiarabu cha Juba na kutushauri kuhusu wakalimani: atakayewatafsiria wanawake awe mwanamke, asiwe jirani wala ndugu, wala mke wa mzee wa kanisa, kwani katika mtaa wa wakimbizi siri hufika nyumbani kabla ya mwenyewe.

Lipo jambo zito zaidi ambalo makanisa yetu hayapendi kulitaja. Mwaka 2002, ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Save the Children ilieleza jinsi wafanyakazi wa misaada nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone walivyodaiwa kuwanyanyasa kingono wasichana wakimbizi kwa kuwapa chakula na vitu vidogo. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa kanuni zinazokataza kubadilishana msaada kwa ngono, na zinazokataza uhusiano wowote wa kingono na mtu aliye chini ya miaka 18, hata anayetenda akidai kwamba hakujua umri wake. Mwanamume anayeshuka kwenye gari akiwa na chakula, Biblia na mamlaka ya kanisa ana nguvu kubwa juu ya mama asiye na kitu, awe anaitambua nguvu hiyo au haitambui. Kwa hiyo nadai kwamba kila msafiri, mchungaji akiwa wa kwanza, atie sahihi kanuni za mwenendo kabla ya kuondoka. Asiwepo atakayekutana na mwanamke au mtoto faraghani. Na akina mama wapewe jina la mtu wa kumlalamikia ambaye si mmoja wa timu yetu. Anayeona kwamba masharti haya yanamvunjia heshima, abaki nyumbani.

Kuhusu picha sina maneno mengi. Uso wa manusura wa ubakaji usionekane katika ukumbi wowote wa Nairobi, hata kama lengo ni kuchangisha fedha.

Mambo mengine ya safari ni mepesi, ingawa yanahitaji kuanza mapema. Mkenya anaweza kuvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa, lakini kuingia katika makazi kunahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, na kibali hakitoki kwa siku moja. Chanjo ya homa ya manjano itolewe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Wengi wetu tumekulia Nairobi, mji wa nyanda za juu wenye malaria kidogo, ilhali eneo la West Nile, iliko Bidi Bidi, lina malaria nyingi, kwa hiyo daktari aulizwe kuhusu dawa za kuzuia, na kila mmoja abebe chandarua chake.

Limebaki suala la fedha, ambalo kamati haijaliamua. Nauli, malazi na chakula cha timu vinakula sehemu kubwa ya mchango wetu, na waumini wanaochanga kupitia M-Pesa wana haki ya kusomewa hesabu hiyo kanisani kabla ya safari. Napendekeza timu ipunguzwe, na kitakachookolewa kipelekwe kwa akina mama wa kule kupitia kanisa lao, kwa maandishi, kikiwa na wasimamizi wanaowachagua wao. Nao wakituambia kwamba mwaka huu hawahitaji wageni, bali wanahitaji nyuzi na mtaji wa kile kisanduku chenye kufuli tatu, tuwatumie fedha zote na tubaki Nairobi.