Tukianzie Chakula cha Kikorea Kwenye Supu

Mtu anayetaka kukijua chakula cha Kikorea siku hizi huanza na kimchi (mboga zilizochachushwa), bulgogi (nyama ya kuchoma iliyolowekwa kwenye sosi), bibimbap (wali wa kuchanganywa na mboga), tteokbokki (vipande vya unga wa mchele katika sosi ya pilipili) na kuku wa kukaanga, na mara nyingi huishia hapo hapo. Orodha hiyo imesambazwa na tamthilia zinazotazamwa hadi huku kwetu, na mikahawa ya Kikorea iliyo ughaibuni huishikilia kwa sababu ndiyo inayouzika. Sina ugomvi na vyakula hivyo, kwani ni vitamu. Ninachokipinga ni picha inayojengeka kutokana navyo, kwamba Wakorea ni watu wa pilipili, nyama ya kuchoma na sosi tamu, ilhali sehemu kubwa ya mlo wao wa nyumbani ni wali mweupe, supu, mboga za majani na samaki, na ladha yake hutokana na kuchachuka zaidi kuliko ukali.

Aliyelelewa kwa ugali, mchuzi na mboga atauelewa mpangilio wa meza yao bila kufundishwa, maana wali hauungwi kitu na kazi yake ni kuvibeba vingine. Pilipili yenyewe, ambayo asili yake ni Amerika, haikuwako Korea kabla ya karne ya 16, na mpaka leo zipo kimchi zisizo na chembe ya pilipili, kama dongchimi, ambayo ni figili iliyolowekwa katika maji ya chumvi hadi yakapata uchachu mwembamba. Maji hayo hunywewa, nayo ni matamu kuliko mtu anavyoweza kudhania kwa kuyatazama.

Kwa maoni yangu, mlango wa kweli wa upishi huu ni doenjang, rojo la soya iliyochachushwa. Maharage ya soya huchemshwa, hupondwa na kufinyangwa kuwa matofali yaitwayo meju, ambayo hufungwa kwa nyasi za mpunga na kuning'inizwa yakauke na kuota ukungu. Baadaye hutumbukizwa katika maji ya chumvi ndani ya mitungi ya udongo, na baada ya wiki kadhaa maji hutengwa yawe mchuzi wa soya, huku kinachobaki kikiachwa miezi, pengine miaka, mpaka kiwe rojo zito la rangi ya kahawia. Ujuzi huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2024, miaka 11 baada ya kimjang, yaani ile desturi ya jamaa na majirani kukusanyika kutengeneza kimchi ya majira ya baridi. Kijiko kimoja cha rojo hilo, pamoja na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), boga changa na kitunguu, ndicho kinachofanya doenjang jjigae, mchuzi unaoletwa mezani ukiwa bado unatokota katika chungu chake. Harufu yake ni nzito, lakini ukishaumwagia wali vijiko viwili vitatu, utaona kwa nini wenyewe hawauchoki.

Chakula cha pili ninachokitetea kwa moyo wote ni miyeok guk, yaani supu ya mwani. Mwani mkavu, mweusi na mgumu, hulowekwa kwenye maji na kufumuka kupita kiasi, hivyo mpishi mgeni asishangae gao moja likijaza bakuli. Hukamuliwa, hukatwakatwa, kisha hukaangwa kidogo kwa mafuta ya ufuta pamoja na vipande vya nyama ya ng'ombe, halafu huongezwa maji, kitunguu saumu na mchuzi wa soya, na kuachwa motoni mpaka supu ianze kuwa na weupe wa maziwa. Ladha yake ni ya bahari na ya nyama kwa pamoja, na mwani huteleza kooni. Mzazi hupewa supu hii baada ya kujifungua, na kwa sababu hiyo kila mtu huinywa siku yake ya kuzaliwa. Wanafunzi wengi, kwa upande wao, huikwepa asubuhi ya mtihani, wakihofia kwamba utelezi wake utawaangusha. Nafikiri sana juu ya supu hii kila ninapokumbuka kwamba wanawake wa Zanzibar wamekuwa wakilima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na karibu mwani huo wote husafirishwa kwenda kuwa malighafi ya viwanda. Aina yao ni tofauti na ile ya Korea na haiwezi kupikwa vilevile, lakini wazo kwamba mwani unastahili kuwa kitoweo cha heshima lingefaa kusikika pwani yetu.

Tambi za baridi za Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, ziitwazo naengmyeon, zinahitaji subira zaidi. Hutiwa katika supu ya nyama iliyopozwa, na mara ya kwanza mlaji huona kana kwamba chumvi imesahauliwa. Kim Jong Un, kiongozi wa Korea Kaskazini, alikuja nazo kwenye mkutano wake na Moon Jae-in, aliyekuwa rais wa Korea Kusini, pale Panmunjom mpakani, tarehe 27 Aprili 2018. Wakimbizi wa Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 walipofika Busan, mji wa kusini kabisa, walizitengeneza upya kwa unga wa ngano wa msaada, zikawa milmyeon, ambazo leo ni fahari ya mji huo. Nadhani zote mbili zinastahili kuonjwa, na za Pyongyang zionjwe zaidi ya mara moja kabla ya kuhukumiwa.

Sikubaliani, hata hivyo, na mtindo wa kumkaribisha mgeni kwa hongeo, samaki aina ya taa aliyechachushwa mpaka akatoa harufu ya amonia, ili watu wapige video akikunja uso. Katika jimbo la Jeolla Kusini huyu ni samaki wa karamu, naye huliwa pamoja na nyama ya nguruwe ya kuchemsha na kimchi kuukuu. Kumfanya kichekesho ni kuwakosea wanaompenda.

Msomaji Mwislamu ajue kwamba gukbap ya Busan, yaani supu iliyotiwa wali, kwa kawaida ni ya nguruwe, na kwamba sundae ni utumbo uliojazwa damu na tambi. Chakula cha mahekalu ya Kibudha hakina nyama wala samaki, na hata kitunguu saumu hakimo, kwa hiyo uyoga, mizizi na majani ya porini ndivyo vinavyobeba ladha yote. Anayepata nyama iliyochinjwa kihalali anaweza pia kupika seolleongtang nyumbani, supu ya mifupa ya ng'ombe inayochemshwa kwa saa nyingi hadi iwe nyeupe, ambayo huandaliwa bila chumvi ili kila mlaji ajitilie mwenyewe mezani, pamoja na kitunguu kibichi cha majani kilichokatwa laini.