Kodi ya kamari Kenya: mlango wa kuingia na mlango wa kutoka

Kodi ya kamari Kenya imebadilishwa mara nyingi mno. Januari 2018 kampuni zilianza kutozwa asilimia 35 ya mapato ghafi, yaani madau yote ukitoa malipo ya washindi. SportPesa, kampuni kubwa ya kubeti, ikajibu kwa kukata udhamini wa klabu za Gor Mahia na AFC Leopards, na mwaka huohuo Bunge likashusha kiwango hadi 15. Ushuru wa bidhaa juu ya dau ukaja 2019 kwa asilimia 20, ukafutwa 2020, ukarudi 2021 kwa 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, ukafika 15 Desemba 2024. Tangu Julai 1, 2025 ni 5.

Viwango hivyo ndivyo hugombaniwa kila bajeti ikisomwa. Jambo lililozungumzwa kidogo 2025 ni kwamba kodi ilihamishwa pia. Zamani ushuru ulikatwa kwenye kila dau. Sasa unakatwa mara moja, mchezaji anapoingiza pesa kwenye pochi yake ya kampuni. Na ile kodi ya zuio ya asilimia 20 juu ya ushindi, ambayo kampuni ilikata kabla ya kumlipa mshindi, imegeuzwa kuwa asilimia 5 ya chochote anachotoa kwenye pochi. Kwa anayesuka mkeka mmoja wa Jumamosi, ushuru umeshuka kutoka 15 hadi 5, basi. Kwa anayecheza ndege, yaani Aviator na michezo ya jamii yake, mambo yamegeuka kabisa.

Tuchukue hesabu yenyewe. Kwenye Aviator, ndege inapaa kutoka 1.00 kwenda juu, namba hiyo ndiyo inayozidisha dau lako, na unatakiwa kutoa pesa zako kabla haijatoweka. Watengenezaji wake wanasema mchezo hurudisha asilimia 97, maana yake nafasi ya kufika 2.00 ni kama asilimia 48.5, si 50. Kwa kila shilingi 100 unazoweka, kwa wastani unapoteza 3. Sasa rudi kwenye ushuru wa 15 juu ya dau: kati ya 100, kwa hesabu nyepesi, 85 tu ndizo zinazopaa. Ukilenga 2.00, wastani wa kinachokurudia ni 82.45. Umepoteza zaidi ya 17 kwa raundi moja, kabla ya kodi ya zuio. Mchezo wenye raundi mbili tatu kwa dakika hauwezi kuvumilia makato hayo kwa muda mrefu. Pesa inakwisha na mtu anaamka kitini.

Chini ya mfumo mpya, unaweka 1,000, inakatwa 50, inabaki 950. Kuanzia hapo unazungusha utakavyo na hakuna ushuru mwingine. Kwa dau la 100 na hasara ya wastani ya 3, inachukua zaidi ya raundi 300 kuimaliza hiyo 950. Kwa kasi ya mchezo ni saa mbili au tatu. Huo ni wastani wa kwenye karatasi. Mtu halisi akiliwa mara nne mfululizo huongeza dau, na pochi hukauka mapema zaidi. Hata hivyo picha iko wazi: ushuru wa dau ulikuwa breki kwenye michezo ya kasi, bila yeyote kukusudia, na breki hiyo imeondolewa.

Je, serikali ilikosea? Si haraka hivyo. Tovuti isiyo na leseni, iliyosajiliwa kisiwa fulani, haikati ushuru hata senti. Ukimtoza Mkenya 15 kwa kila dau wakati huko nje anapata mchezo uleule kwa hasara ya 3, unamfukuza kwa mikono yako miwili. Atatafuta njia ya kulipia, na akishahama, huoni anachocheza, huwezi kumdai kodi, na akidhulumiwa hana wa kumlalamikia. Mwaka 2019 tulishaona ubabe una kikomo: leseni za kampuni 27 hazikuhuishwa, Safaricom ikaagizwa kufunga namba zao za malipo, SportPesa na Betin zikaondoka na ajira zikapotea. Mwaka uliofuata jina la SportPesa likarejea sokoni kupitia kampuni nyingine. Kamari haikupungua kwa kiasi cha kelele zile.

Tena kodi ya mlangoni ni rahisi kukusanya. Pesa inapita kwenye namba ya malipo ya simu, Paybill, ina saa na kiasi, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ambayo tayari imeunganisha mifumo yake na ya kampuni, inaiona. Mabishano ya zamani ya mahakamani kuhusu "ushindi" ni nini, jumla unayolipwa au jumla ukitoa dau lako, yanakosa pa kusimama. Afisa wa kodi yeyote angeuchagua mfumo huu, na mimi ningemuunga mkono kwenye upande wa kuingia.

Upande wa kutoka ndio wenye kasoro. Mtu ameweka 1,000, akapata 950, akaghairi kabla ya kucheza. Akizitoa, asilimia 5 inakatwa tena: 47.50. Anarudi na 902.50, amepoteza 97.50 bila kubeti hata mara moja. Na anayetafakari kutoa 2,000 alizobaki nazo anajua 100 zitakatwa, basi anaziacha "kidogo tu" ndani ya pochi, kitufe cha kucheza kikiwa hatua moja. Sera inayodai kulinda vijana imeweka tozo kwenye tendo pekee la busara lililomo ndani ya programu hizo.

Kuhusu kasi ya mchezo, kodi si chombo chake. Sheria mpya ya kudhibiti kamari, iliyotiwa saini Agosti 2025, imeizika ile ya 1966 na kuleta mamlaka mpya mahali pa BCLB, bodi ya zamani ya kusimamia kamari. Chombo hicho kinaweza kufanya ambayo marufuku ya siku 30 ya matangazo ya Aprili 2025 hayakuweza: kulazimisha sekunde kadhaa kati ya raundi, kuweka kikomo cha pesa za siku ambacho mchezaji anaanza nacho bila kukiomba, na kukagua kama ile 97 ni 97 kweli. Kampuni hupenda kujibu kwamba matokeo ya Aviator yanathibitika, kwa sababu yanatokana na msimbo wa seva uliochanganywa na misimbo ya wachezaji watatu wa kwanza. Ni kweli, na inathibitisha kuwa raundi haikuchezewa katikati. Haisemi lolote kuhusu gharama ya kucheza raundi 300. (Na ndiyo sababu "programu za kutabiri ndege" zinazouzwa Telegram ni utapeli mtupu, muuzaji hana misimbo hiyo.)

Wapenda soka nao wasijione wako salama. Kampuni ikijiwekea asilimia 5 tu kwa kila mechi, mkeka wa mechi kumi unabakiza 0.95 ikizidishwa mara kumi, karibu 0.60. Yaani kampuni imekula 40 kati ya kila 100 kabla KRA haijaingia mlangoni. Ukilinganisha na hiyo, kubishana kama ushuru uwe 5 au 15 ni kuangalia kidole badala ya kinachoonyeshwa.

Kodi ya kutoka haihitaji kufutwa. Ingetosha sheria iseme kwamba pesa iliyowekwa na isiyochezwa hurudi bila makato. Daftari la pochi linaonyesha kila shilingi iliyoingia, iliyowekwa dau na iliyobaki. Kampuni zinazokata ile 47.50 tayari zina namba zote za kuitenga.