SSD ya GB 256 isikatwekatwe

Nunua laptop ya mtumba Arusha au Moshi leo, uwezekano mkubwa utaikuta diski yake imeshagawanywa sehemu mbili: C, yenye Windows, ina GB 60, D imepewa zilizobaki. Muuzaji anaitaja kama huduma ya ziada. "Nimekuwekea na D ya kuhifadhia vitu vyako." Mnunuzi anashukuru na kuondoka. Baada ya miezi michache mstari wa C umekuwa mwekundu, Windows inagoma kujisasisha, Word inalalamika haina nafasi, na D iko nyeupe pee. Anarudi kwa fundi kulipia kazi ya pili. Hili linaniudhi, kwa sababu anayeumia ni mtu aliyejikamua kupata hiyo laptop na hakuomba kugawiwa chochote.

Tupige hesabu. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ya GB 256 huonekana kwenye Windows kama 238, kwa kuwa mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024. Hapo hakuna aliyeibiwa. Windows 11 ikishatulia hula GB 25 hadi 30. Faili la hiberfil.sys, la kutunza kazi zako mashine ikilala (hibernate), huchukua takribani asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo mashine ya GB 8 inapoteza GB 3 na ushee. Pagefile.sys, faili la kuisaidia RAM ikijaa, nayo ina fungu lake. Windows ikisakinishwa upya hujitengea kama GB 7 kwa ajili ya masasisho. Office, GB 4. Hujaweka hata picha moja ya harusi. Kisha linakuja sasisho kubwa: Windows ya zamani haifutwi papo hapo, inawekwa kando kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10 ili uweze kurudi nyuma, na folda hiyo peke yake inaweza kupita GB 15. Kwenye C ya GB 60 itakaa wapi? Microsoft wenyewe wanataka diski isiyopungua GB 64 kwa Windows 11. Tangu huduma ya Windows 10 ikome tarehe 14 Oktoba 2025, kila mwenye C ndogo kwenye mashine inayokubali kupanda kwenda 11 anapambana na ukuta huu, na ukuta wenyewe umejengwa na fundi.

Wachaga wanajua kinachotokea kihamba, shamba la ukoo la migomba, kikigawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu: kila mtu ana chake, na hakuna mwenye mgomba wa kutosha kula.

Utetezi wa mafundi naujua. Wanasema Windows ikiharibika unafomati C, vitu vyako vinabaki salama D. Utetezi huo ungekuwa na uzito kama vitu vya watu vingekuwa D. Haviko D! Desktop iko C. Documents iko C. Downloads iko C. Word ikihifadhi bila kuulizwa inahifadhi C, kivinjari kinashusha C, WhatsApp ya kwenye kompyuta inaficha data zake ndani ya AppData, folda iliyofichwa, hukohuko C. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika pale Moshi anayeandika utafiti anauweka Desktop, kwa sababu akiwasha mashine ndicho kitu cha kwanza kukiona. Nani wa kumlaumu? Siku Windows inapokataa kuwaka, fundi anafomati C kwa moyo mweupe kabisa, akiamini vitu viko D. Utafiti unaondoka pamoja na data zake za SPSS, programu ya takwimu. Ukifungua D unakuta folda moja tu, ya muziki, aliyoiweka fundi mwenyewe siku ya kuuza. Jamani, huu si usalama. Ni ahadi ya uongo aliyopewa mtu asiyejua kuuliza.

Na hata angeweka kila kitu D, bado. C na D ni mistari tu iliyoandikwa kwenye jedwali mwanzoni mwa diski. Chini yake chipu ni zilezile na kidhibiti ni kimoja. SSD ikifa mara nyingi haiagi: jioni umeizima vizuri, asubuhi BIOS, programu inayoiwasha mashine, haiioni kabisa, C na D zimeondoka pamoja. Diski za zamani za kuzunguka angalau huanza kugonga na kuonyesha sekta mbovu kwenye SMART, ripoti ya afya ya diski, ukapata muda wa kuokoa. Anayetaka usalama anunue diski ya nje, anakili vyake kila wiki, kisha aichomoe na kuiacha nyumbani Sakina wakati laptop iko mjini. Nakala isiyotoka ndani ya diski ileile si nakala.

Kwa shingo upande nakubali kugawa kunafaa mahali pachache. Kwenye diski ya kuzunguka ya TB 1, C ya GB 200 ikikaa mwanzoni inapata sehemu yenye kasi zaidi, ile ya ukingo wa nje wa sahani. Kwenye SSD faida hiyo haipo. Anayetaka Linux kando ya Windows aitengee GB 40 hadi 50 na azime Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows), la sivyo Linux itakataa kuandika kwenye sehemu ya Windows. Kampuni za utalii zenye picha za RAW (picha ghafi za kamera) za MB 25 hadi 50 kila moja zinahitaji diski ya pili, D haiwasaidii. Na kama umeshaamua lazima D iwepo, basi hamisha folda kweli: bonyeza kulia kwenye Documents, Properties, Location, Move, uipeleke D:\Nyaraka. Usiielekeze D:\ yenyewe, maana Windows itaichukua D nzima kuwa ndiyo Documents, na kuirudisha ilivyokuwa ni kazi.

Mwenye laptop iliyokwisha kukatwa anaweza kuirekebisha bila kupiga Windows upya. Hamishia vitu vya D kwenye diski ya nje na ufungue baadhi ya mafaili kuhakikisha yamefika mazima. Kama mashine ina BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data za diski, andika ufunguo wake wa kuokolea kwenye daftari kisha usimamishe BitLocker kwanza. Ingia Disk Management, programu ya Windows ya kupanga diski, bonyeza kulia D, Delete Volume, kisha C, Extend Volume. Ni kazi ya sekunde, kwa sababu kinachobadilika ni jedwali tu. Extend Volume ikiwa imefifia, sababu huwa mojawapo ya mbili. Kwenye mashine za zamani za MBR, aina ya zamani ya jedwali la diski, D huwa ndani ya sehemu iliyorefushwa (extended), na ukiifuta inabaki kijani ikisomeka Free space. Ifute tena mpaka igeuke nyeusi, Unallocated. Sababu ya pili ni partisheni (sehemu ya diski) ya Recovery, ya kuokolea Windows, kukaa katikati, maana C hurefuka kwenda kulia kwa nafasi iliyoigusa tu. Hapo fungua Command Prompt kama msimamizi, andika reagentc /disable, ingia diskpart, ichague partisheni hiyo kwa makini na uifute kwa delete partition override, refusha C, kisha reagentc /enable. Kwa diski isiyo na BitLocker, Recovery itakaa ndani ya C na kufanya kazi.

Njia ya kusogeza partisheni kwa GParted, programu ya Linux ya kugawa diski, siipendekezi kwa umeme wetu. Kusogeza ni kunakili data zote kipande kwa kipande kwa saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati kwenye mashine ya mezani isiyo na UPS, au laptop ya mtumba ambayo betri yake imekufa, partisheni inabaki nusu huku nusu kule.

Kama bado hujanunua, mwambie fundi kabla hajaanza: kwenye ukurasa wa kuchagua pa kuweka Windows, afute partisheni zote za diski hiyo mpaka ibaki Unallocated Space moja, aichague, abonyeze Next bila kuunda partisheni yoyote mwenyewe. Windows itajigawia yenyewe: EFI ya kuwashia ya MB 100, sehemu ndogo ya MB 16 isiyoonekana, C, na Recovery. Kabla ya hapo ahakikishe diski ya nje na flashi zote zimechomolewa isipokuwa ile ya kusakinishia. Kwenye ukurasa ule diski hutajwa kwa namba na ukubwa, na diski mbili zenye ukubwa unaokaribiana ni rahisi sana kuzichanganya.